Tone la Mise

Kila asubuhi ya shule ilianza kwa Bibi Honorata kumkalisha mjukuu wake kwenye kigoda nyuma ya jiko na kumpaka mafuta ya mise. Mafuta hayo aliyatengeneza mwenyewe. Alikusanya kokwa za chikichi, akazikaanga, akazitwanga, kisha akazichemsha mpaka mafuta yakaelea juu, meusi na yenye harufu ya moshi. Pale mtaani Gungu hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani amepita uchochoroni. Harufu ya mise ilitangulia, na watu wakajua kuwa ni mjukuu wa Bibi Honorata anayekwenda shule.

"Bibi, yatosha. Nitanuka darasa zima," alilalamika Skolastika.

"Acha wanuse. Ngozi yako imepauka kama dagaa wa juzi. Geuka huku!"

Skolastika, ambaye wengi walimwita Skola, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walikuwa kijijini Ilagala, baba akivua na mama akilima, naye aliishi na bibi yake mjini ili awe karibu na kituo cha afya. Skola alizaliwa na selimundu. Chembe zake za damu hazikuwa zote za mviringo kama za watoto wengine. Nyingine zilijikunja mfano wa mundu, na mwili ulipopungukiwa na maji zilinasa kwenye mishipa na kumletea maumivu makali ya mifupa. Akiwa mdogo alilia usiku mpaka majirani wakaamka. Sasa alikuwa mkubwa, na maumivu yalimjia mara chache. Wakati mwingine alijidanganya kwamba yamekwisha kabisa.

Mwanzoni mwa muhula, Nesi Oswald wa kituo cha afya aliwaita watoto wenye selimundu na kuwapa kitu kipya cha kujaribiwa. Kilikuwa stika ya mviringo, ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda, ya kubandika mkononi kila asubuhi. Chini yake palikuwa na kitundu. Jasho liliingia kwenye kitundu hicho, likakutana na dawa iliyofichwa ndani, na rangi ya stika ikafuata hali ya jasho.

"Mwili wenye maji ya kutosha hutoa jasho lenye chumvi kidogo, na stika hubaki bluu," Nesi Oswald alieleza. "Maji yakipungua, chumvi huongezeka, na stika hugeuka njano. Yakipungua zaidi, nyekundu. Kwa hiyo, bluu, cheza. Njano, kaa kivulini unywe maji. Nyekundu, njoo kwangu mbio! Hapana, si mbio, mtaniulia mtu. Pandeni bodaboda."

Watoto walicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Armelle, msichana wa miaka tisa aliyekaa jirani na akina Skola. Familia yao ilitoka Burundi miaka mingi iliyopita, na mama yake, Révérienne, alifanya kazi ya kuanika dagaa pamoja na Bibi Honorata kwenye mwalo wa Kibirizi, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Armelle alimpenda Skola mno. Skola akisuka nywele mtindo fulani, kesho yake Armelle alisukwa hivyo hivyo. Skola akisema parachichi ni tamu kwa chumvi, Armelle alitafuta chumvi.

Kubandika stika kulikuwa rahisi. Kilichomshinda Skola ni kunywa maji.

Si kwamba hakuyapenda. Watoto wenye selimundu hukojoa sana, kwa sababu figo zao hushindwa kuyabana maji. Skola alipokunywa maji kama alivyoagizwa, kila kipindi alilazimika kunyoosha kidole.

"Mwalimu, naomba kutoka."

"Tena?" Mwalimu Alphonce aliuliza, bila ubaya wowote.

Lakini kabla hajafika mlangoni, Feliksi wa dawati la nyuma alikuwa ameshapata nafasi yake.

"Bomba limefunguka! Mwiteni fundi!"

Darasa lilipasuka kwa vicheko. Hata wale ambao Skola aliwaazima kalamu walicheka. Basi jina la Bomba likamganda. Wakamwita Bomba kwenye mstari, Bomba kwenye uwanja wa netiboli, Bomba hata barabarani mbele ya mama ntilie. Mwishowe Skola akapata dawa yake mwenyewe: chupa ya maji aliyopewa na bibi aliimwaga kwenye maua ya shule asubuhi, na jioni akarudi nayo tupu. Maua yale yalistawi ajabu.

Lakini stika haikudanganyika. Jua la saa nane lilipowaka, iligeuka njano, na hapo ndipo mambo yakaharibika, kwa sababu saa nane ulikuwa wakati wa mazoezi ya ngoma.

Kama kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho Skola alikitaka kwa roho yake yote, ni kucheza ngoma. Shule yao ilikuwa imechaguliwa kucheza kwenye sherehe ya sanaa ya shule za mji, katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Mwalimu Alphonce alimweka Skola mstari wa mbele, maana aliposikia ngoma, mabega yake yalicheka kabla ya mdomo wake. Hata Feliksi, aliyekuwa mpiga ngoma, alikiri kwamba Bomba anajua kucheza. Lakini mwalimu alikuwa amezungumza na Nesi Oswald, na kabla ya kila zoezi alitazama mkono wa Skola.

"Njano," alisema. "Leo kaa kivulini, mwanangu. Kunywa maji. Utawaangalizia wenzako mabegi."

Siku ya kwanza Skola alivumilia. Siku ya pili alivumilia kwa shida. Siku iliyofuata Feliksi alipita akimrushia begi lake na kusema, "Mlinzi, langu hilo, usilale!" Skola akainamisha uso kati ya magoti ili wasimwone akilia.

Kisha siku moja stika ikabaki bluu.

Asubuhi ile Bibi Honorata alikuwa na haraka ya kuwahi mwaloni, akampaka mise kwa pupa na kuibandika stika juu ya mafuta mabichi. Mchana kutwa Skola hakunywa hata funda moja. Midomo ilimkauka, kichwa kikamgonga kidogo. Saa nane alinyoosha mkono akijua tayari jibu.

"Bluu!" Mwalimu Alphonce alifurahi. "Ingia mstarini!"

Alicheza siku ile mpaka vumbi likapanda. Njiani kurudi nyumbani aliibandua stika na kuinusa. Ilinuka mise. Kitundu cha chini kilikuwa kimezibwa na mafuta, na jasho halikuwa limepita hata kidogo. Skola alisimama pale barabarani, akatabasamu peke yake.

Tangu siku hiyo hakulalamika tena kupakwa mafuta. Bibi alifurahi kwelikweli. "Umeona? Umeanza kuwa na akili ya utu uzima," alisema. Hakujua kwamba mjukuu wake, baada ya kupakwa, aliufuta mkono ukakauka ili stika ishike vizuri pembeni, kisha akachovya ncha ya kidole kwenye kopo na kutia tone moja tu la mise kwenye kile kitundu. Stika ilikaa bluu kutwa nzima, mvua au jua. Nesi Oswald alipompigia bibi simu kuulizia hali, bibi alijibu kwa majivuno, "Bluu, dokta! Bluu kama ziwa!"

Aliyemuuliza siri hiyo ni Armelle. Walikuwa wakisubiri ndoo zijae kwenye bomba la mtaani.

"Dada Skola, mbona yako haigeuki? Yangu inageuka kila siku. Mama ananikataza kuruka kamba."

Skola alitazama huku na huku. Alijua hapaswi kusema. Lakini Armelle alimtazama kwa macho yale ya kumwona yeye kuwa mtu mkubwa, na ni nani asiyependa kutazamwa hivyo?

"Nikikwambia, utamwambia mama yako?"

"Simwambii. Haki ya Mungu."

"Basi njoo asubuhi, nikufundishe kitu."

*

Jumamosi moja, baada ya usiku wa giza la mwezi, wavuvi walirudi Kibirizi na dagaa tele. Mwalo mzima ulichangamka. Wanawake walibeba beseni kutoka kwenye mitumbwi, wakawamwaga dagaa juu ya vichanja vya kuanikia na kuwatawanya kwa mikono. Dagaa waling'aa kama fedha. Ilipofika kati ya asubuhi na adhuhuri jua lilikuwa kali, mchanga ukaunguza nyayo, na ziwa likatulia bila hata upepo wa kupoza uso.

Skola na Armelle walikuja kusaidia kugeuza dagaa na kuwafukuza kunguru. Mwanzoni Armelle alikimbia huku na huku akiwazomea kunguru kwa Kirundi, na wanawake wakacheka. Baadaye akanyamaza. Kisha akakaa chini ya kichanja, akajishika mapaja.

"Mama, miguu inauma."

Révérienne alifuta mikono kwenye kitenge, akainama na kuutazama mkono wa mwanawe.

"Bluu," alisema, akapumua kwa nafuu. "Maji yamo mwilini. Umekimbia sana tu, mwana wanje. Pumzika kidogo, halafu uje unisaidie upande ule."

"Inauma sana, mama."

"Ego, ndiyo, nimesikia. Lakini nesi alisema bluu hakuna shida. Ngoja nimalize kichanja hiki kabla dagaa hawajaharibika."

Révérienne hakuwa mama mkatili. Alimpenda Armelle kuliko macho yake. Lakini alikuwa ameambiwa aiamini stika, naye aliiamini.

Skola alisimama upande wa pili wa kichanja, dagaa mikononi. Aliona midomo ya Armelle ilivyopauka. Aliona macho yake yalivyoanza kuwa ya njano. Aliyajua maumivu yale. Mwanzoni hukaa kwenye mapaja kama mtu anayekubana polepole, kisha hupanda mgongoni, kisha kifuani, na yakifika kifuani kupumua huwa kazi. Alimwona Armelle akijikunja ubavu, na bado kwenye mkono wake mwembamba stika iling'aa bluu, safi, kama imebandikwa dakika ile.

Nikisema, aliwaza Skola, Mwalimu Alphonce atanitoa kwenye ngoma. Nikisema, bibi atajua. Nesi atajua. Feliksi atajua. Labda apumzike tu. Labda yatapita yenyewe, yangu hupita.

Armelle aliinua macho, akamtafuta Skola, akamwona. Alikuwa ameapa kwamba hatasema, naye alikuwa akiitunza ahadi yake, huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye mchanga.

Skola aliangusha dagaa.

"Mama Armelle!" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na wanawake wa vichanja vya jirani wakageuka. "Usiiamini hiyo stika! Ni ya uongo!"

"Unasemaje, Skola?"

"Ina mise ndani. Nimemfundisha mimi. Jasho haliingii, kwa hiyo haiwezi kugeuka. Hata angekauka kabisa ingebaki bluu. Hajanywa maji tangu asubuhi. Mimi pia sijanywa. Ni selimundu, mama, imeanza. Tumpeleke, tafadhali, tumpeleke sasa hivi!"

Révérienne alipiga magoti kando ya Armelle. Kisha akaibandua stika kwenye mkono wa mwanawe na kuipeleka puani.

"Yoo!" alilia. "Yoo, mwana wanje!"

Bibi Honorata aliacha kichanja chake. Alitia vidole mdomoni, akapiga mluzi ambao Skola hakujua kwamba bibi yake anaweza kuupiga, na kijana wa bodaboda juu barabarani akawasha pikipiki. Révérienne alipanda akiwa amemkumbatia Armelle. Bodaboda ya pili iliwachukua Skola na bibi yake. Njia nzima bibi alimshika mjukuu wake kiunoni kwa nguvu.

*

Katika kituo cha afya, daktari na Nesi Oswald walimlaza Armelle kitandani, wakamtundikia dripu na kumpa dawa ya maumivu. Kifua chake kilipimwa. Maumivu yalikuwa bado hayajafika huko.

"Mmemleta kwa wakati," daktari alimwambia Révérienne. "Mngechelewa mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Nesi Oswald alitoka nje kwenye benchi alikokaa Skola. Aliinama mbele yake, akaufuta mkono wake kwa sabuni na pamba, akaukausha, akabandika stika mpya. Wakakaa pamoja wakisubiri jasho lifanye kazi yake. Stika ikageuka njano. Skola akadhani imeishia hapo. Kumbe haikuishia. Pembeni pakaanza kuwa na wekundu, ukasogea polepole mpaka katikati.

"Unaona?" Nesi Oswald alisema kwa sauti ya chini. "Wewe mwenyewe ulikuwa njiani kulala kitanda cha pili. Kunywa hii, taratibu."

Skola alipokea kikombe. "Nesi, utanifukuza?"

"Nikufukuze wapi?"

"Kwenye stika."

Nesi Oswald alivuta pumzi. Hakuwa mtu wa kukaripia, lakini uso wake ulionyesha kwamba ameumia. "Nitakwambia ukweli, maana na wewe leo umeusema. Wiki zote hizi bibi yako aliponiambia bluu, mimi nilifurahi. Niliwaambia hata wataalamu waliotuletea hizi stika kwamba yuko binti Gungu anayejitunza kuliko wote. Nilitaka uje uwafundishe wadogo kunywa maji. Kumbe nilikuwa nalisifu tone la mafuta."

Skola alishindwa kuzuia kilio. Alieleza yote: chupa iliyomwagwa kwenye maua, Bomba, mlinzi wa mabegi, vicheko kila aliponyoosha kidole. Maneno yalimtoka kama maji yaliyokuwa yamezuiwa kwa muda mrefu.

Bibi Honorata, aliyekuwa amesimama mlangoni na kopo lake la mise likiwa bado ndani ya mfuko wa sokoni, alisogea akaketi.

"Na mimi nikawa najisifu, bluu kama ziwa," alisema. "Mafuta yangu mwenyewe! Dokta, niyamwage?"

"Hapana, bibi. Mafuta hayana kosa. Mpake mwili wote, ila mkono wa stika uache mkavu."

"Basi nitauacha." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Kwa nini hukuniambia kwamba wanakucheka?"

"Niliogopa utakwenda shuleni na mwiko, bibi."

"Ningekwenda kweli," bibi alikubali, na kwa mara ya kwanza siku ile mtu akacheka. Hata Révérienne alitoa tabasamu dogo kupitia dirisha la wodi.

Jioni Skola aliruhusiwa kumwona Armelle. Mtoto alikuwa amechoka, lakini rangi ilikuwa imerudi usoni.

"Mimi sikusema, Dada Skola," alinong'ona. "Nilitunza siri."

"Najua. Nisamehe, mdogo wangu. Siri ile haikuwa ya kutunzwa. Nikikupa tena siri inayokuumiza, kimbia ukamwambie mama."

Révérienne alikuwa ameketi kando ya kitanda. "Nimekukasirikia sana," alisema. "Bado nimekukasirikia. Lakini ulipiga kelele mbele ya mwalo mzima ili mwanangu apone. Hilo pia nimeliona." Akasogea kidogo na kumpa nafasi ya kukaa.

*

Jumatatu bibi alikwenda shuleni, bila mwiko. Yeye na Skola walikaa na Mwalimu Alphonce, na Skola akarudia kila kitu mwenyewe. Mwalimu alimtoa kwenye ngoma mpaka Nesi Oswald atakaporidhika. Skola alijua kwamba hiyo ni haki, ingawa ilimuuma. Lakini mwalimu naye alikuwa na lake la kusema.

"Nilikuwa nikikuuliza 'tena?' kila ulipoomba kutoka," alisema. "Sikufikiri neno dogo kama hilo linaweza kumfanya mtoto aogope maji."

Siku hiyo alilieleza darasa selimundu ni nini, akachora ubaoni chembe ya damu ya mviringo na nyingine iliyojikunja. Kisha akatangaza kwamba tangu leo mwanafunzi yeyote mwenye haja atoke kimya kimya bila kuomba, na kila mmoja aje na chupa ya maji. Feliksi aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu. Wakati wa mapumziko alimfuata Skola, mikono mifukoni.

"Mimi sikujua," alisema. "Nilidhani unapenda tu kutoroka hesabu."

"Nani asiyependa kutoroka hesabu?"

Feliksi akacheka kwa aibu. "Sitakuita tena vile."

"Ukiniita, nitakuletea bibi yangu," Skola alisema. "Tena anapiga mluzi."

Majuma yalipita. Skola alikunywa maji, alikwenda msalani, alirudi. Hakuna aliyekufa kwa kicheko. Maua ya shule yalinyauka kidogo, wenzake wakapangiana zamu ya kuyamwagilia. Stika ilikuwa bluu siku nyingi, njano siku nyingine, na kila rangi iliyotokea aliionyesha. Nesi Oswald akaridhika, akamruhusu arudi mstarini kwa sharti moja: siku ya sherehe hakuna atakayemkagua. Ajikague mwenyewe.

Siku hiyo Uwanja wa Lake Tanganyika ulijaa. Jua lilikuwa jeupe. Skola alicheza mstari wa mbele, mabega yakicheka, njuga zikilia, na watu wakapiga vigelegele. Mahali fulani katikati ya wimbo alitupa jicho mkononi. Stika ilikuwa imeanza kugeuka njano.

Wimbo ulibaki nusu. Hakuna aliyekuwa anatazama mkono wake. Angeweza kuushusha, akamalizia, na ulimwengu usijue.

Skola aliunyoosha mkono juu, stika ikionekana, akatoka mstarini mbele ya uwanja mzima. Alitembea wima mpaka pembeni. Kwa sekunde chache alisubiri kicheko. Alichosikia ni ngoma ya Feliksi ikibadilika, ikipiga mapigo ya kumsindikiza, na wachezaji wakalisogelea pengo lake na kuliziba kama vile ndivyo walivyofanya siku zote. Armelle, aliyekuwa jukwaani kwa watazamaji na mama yake, alishuka akikimbia na chupa ya maji. Alipofika alikunywa kwanza yeye, funda kubwa, kisha akampa Skola.

"Yangu bado bluu," alisema, akaonyesha mkono mkavu usio na mafuta. "Bluu ya kweli."

Bibi Honorata alikuja akamfunika Skola kwa kanga ili jua lisimpige. Mwalimu Alphonce naye akasogea. Skola alidhani atapewa pole kwa kutoka.

"Nimefundisha ngoma miaka mingi," mwalimu alisema, "na sijamwona mchezaji aliyecheza vizuri kama wewe ulipokuwa unatoka."

Bibi alitikisa kichwa akikubali. "Sikiliza, mjukuu wangu," alisema, "na wewe Armelle usikie. Stika ni jicho tu. Dokta kawapa jicho la kuona ndani ya mwili. Lakini jicho likizibwa, halisaidii kitu, na anayeumia kwanza ni yule anayekuamini. Ukiwa mgonjwa, sema. Ukichekwa, sema pia. Ukweli ukisemwa mapema, mtu hupata wa kumsaidia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Haya. Maliza maji yako."

Skola alimaliza maji yote. Kisha akarudisha chupa kwa Armelle, akasimama, na mbele ya watu wote, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kuona haya, akaenda msalani.